Ketura na Kuta za Gosheni

Wekeni makarai chini, mnawe mikono, mkae. Nanyi vijana mnaochekeana huko nyuma, nawaona. Chekeni vizuri leo, maana kesho ni Pasaka na kazi mtakayopewa haina kicheko. Kuta zimesubiri mwaka mzima, hazitashindwa kusubiri nimalize. Hatukandiki mpaka jina lake litajwe.

Zamani zile, kabla barabara haijapanda mlima huu na kabla mabati hayajajua njia ya kwetu, wakati nyumba zote za Gosheni zilikuwa za fito na udongo na mtu akikohoa kwake jirani anampa pole akiwa kitandani, aliishi Ketura binti Elkana, Ketura Bega la Mlima, Ketura Mkono wa Udongo, mama wa ukoo huu wote uliokaa hapa. Baba yake alikuwa Elkana mwana wa Saadia, mfua fedha wa Yemeni, Myahudi wa damu na wa desturi, aliyepanda kutoka pwani na nyundo mkononi na Torati kifuani, akaoa kwa watu wa mlima huu, na watu wa mkewe wakaipenda Sabato yake mpaka wakaifanya yao. Husimuliwa kwamba siku aliyozaliwa Ketura alimshika mkunga kidole, na ikabidi majirani waitwe kumnasua. Alipokuwa msichana aliinua jiwe la kusagia la mama yake kama mtu anayeinua kibuyu, akafagia chini yake, akalirudisha mahali pake.

Lakini nguvu zake kubwa hazikuwa begani, zilikuwa masikioni. Kila Sabato Elkana alifungua kitabu chake kilichoandikwa kwa Kiebrania, akasoma kwa sauti ya kwao, kisha akaeleza kwa Kiswahili, na watu wakasikiliza, wengine wakasinzia, si vibaya, hata leo wapo. Ketura hakusinzia. Jumapili, akikandika ukuta au akikanda udongo wa chungu, alirudia kimoyomoyo yote aliyoyasikia, na neno alilolipoteza alimrudia baba yake kumwuliza, hata mzee akawa anamkimbia ili apate kufua fedha zake kwa amani. Ah, siku zile! Mama yangu alisema wazee walimwambia kwamba mtu aliweza kupita nje ya nyumba ya Elkana akasikia nyundo ikigonga, na juu ya nyundo sauti ya baba na binti wakibishana habari za Yakobo.

Elkana alipofariki, kitabu nacho kilikuwa hoi. Mchwa walikuwa wamekila pembeni, mvua ilikuwa imekiingia, kurasa zilining'inia. Na desturi yetu mnaijua: kitabu chenye jina la Mungu kikichakaa hakichomwi wala hakitupwi, kinazikwa kwa heshima kama binadamu. Kwa hiyo Obadia, shemeji wa marehemu, kaka wa mkewe, aliyeachiwa uongozi wa watu wetu, mtu mnyoofu na mgumu kama mpini wa jembe, aliamuru kizikwe pamoja na mwenyewe, na watu wakakiweka kifuani pa Elkana huku wakilia. Obadia alisema ndugu wa Elkana walioko pwani wataleta kingine. Ndugu hao hawakuja, wala salamu zao hazikuja. Nafikiri ni sisi tu duniani tungeweza kufanya kosa la namna hiyo, kukipoteza kitabu kwa kukiheshimu.

Miaka ikaenda. Watu wakaendelea kushika Sabato, wakaendelea kutoa chachu nyumbani kila Pasaka, lakini maneno yakawa yanavuja. Ikafika jioni moja ya Pasaka, watu wote wameketi nyumbani kwa Obadia, mikate isiyochachwa iko mezani, na kama ilivyo ada mtoto mdogo kuliko wote akapewa nafasi ya kuuliza kwa nini usiku huo si kama usiku mwingine. Mtoto huyo alikuwa Tirza, mjukuu wa Obadia. Akauliza jinsi alivyofundishwa, akajibiwa kwamba tulikuwa watumwa Misri na Mungu akatutoa kwa mkono wa Musa. Tirza akafikiri kidogo, akauliza tena Musa huyo ni wa ukoo gani, na mbona haji kutusalimia. Watoto wenzake wakamtazama Obadia, nao pia wakitaka kujua. Wakubwa wakaanza kueleza wote kwa pamoja, mmoja akisema bahari ilipasuliwa kwa fimbo, mwingine akisema kwa shoka, na mwingine, aibu kuisema, akamweka Nuhu katika jumba la Farao.

Ketura aliweka mkate wake chini akatoka nje akalia. Hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini jioni ile aliogopa, nawaambia wazi, aliogopa kuliko mtu aliyeona nyumba yake inaungua. Aliona kwamba watoto wale wakikua hivyo hivyo, watakula mikate mikavu bila kujua ni ya nini, na watoto wao hawatakula kabisa, na Gosheni itabaki jina la kilima tu.

Baada ya sikukuu wapo waliotaka kulifukua kaburi la Elkana. Obadia akakataa katakata, kwamba maiti hasumbuliwi, na tena mchwa huko chini hawakuwa wamefunga kula. Ketura hakubishana. Alichukua kapu lake akashuka Korongo la Ngeu, kule chini mnakokatazwa kucheza, na ilikuwa masika, kijito kimejaa na kingo zinaporomoka, wakati ambao hata wanaume wa kujisifu walikuwa wakisema wana kazi nyingine. Alipanda na mzigo wa udongo mwekundu ambao waliompokea juu walishindwa kuutua kichwani kwake, wakamwomba autue mwenyewe. Akashuka tena akaleta mweupe. Masizi akayakwangua chini ya vyungu vyake. Kisha akafunga mlango, akazikandika upya kuta zake za ndani, na hakuonekana hata kisimani.

Alipoufungua, watoto wa Gosheni waliingia wakakaa kimya, nanyi mnawajua watoto. Maandiko yote aliyoyashika kichwani yalikuwa ukutani. Safina ya Nuhu ilikuwa kama ghala la mahindi, kwa sababu meli hakuwahi kuiona, na dirishani ng'ombe anachungulia mvua kwa hasira. Ngamia wa Ibrahimu walikuwa ng'ombe walioongezewa shingo. Sara alikuwa nyuma ya mlango, ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika kwa kicheko. Bahari ya Shamu ilikuwa kijito chetu kimepanuliwa hadi kuzunguka chumba, na watu wakipita katikati na mizigo na mbuzi na vitoto mgongoni. Na kila mahali ambapo Mungu husema, Ketura alikuwa ameacha ukuta mweupe, hakuna kitu.

Habari zikamfikia Obadia, naye akaja na jembe. Aliwaambia watu waliokuwa uani kwamba amri inakataza sanamu, kwamba mpwa wake ameingiza Misri ndani ya Gosheni, na kwamba kuta hizo ataziparua kwa mikono yake. Ketura akampisha mlangoni, maana ni mjomba wake, na mjomba hazuiwi. Ndani Obadia alimkuta Tirza amesimama mbele ya picha ya kijiti kinachowaka moto, akiwasimulia wenzake habari za Musa, tangu kisafina cha mafunjo mtoni hadi jangwani kwa mbuzi na kondoo, moja baada ya jingine, bila kukosea. Obadia alisikiliza mpaka mwisho, jembe likiwa begani. Kisha akaonyesha ule weupe juu ya kijiti, akauliza mbona pameachwa wazi.

"Hapo ndipo Mungu anaposema, babu," Tirza akajibu. "Hachoreki."

Obadia aliteremsha jembe. Alikaa sakafuni kati ya watoto, mtu mzima na kanzu yake, akamwomba mjukuu wake aanze tena kuanzia mtoni. Ketura huko mlangoni alianza kulia, safari hii kwa sababu nyingine.

Hizo ndizo zilikuwa siku nzuri za Gosheni, ambazo mama yangu hakuchoka kuzisema na mimi sikuchoka kuzisikia. Wageni walipanda mlima kuja kuona. Jina la Ketura Mkono wa Udongo lilitajwa hadi masoko ya mbali. Na kwa kuwa watu walizipenda mno kuta zile, Pasaka ilipokaribia na nyumba zote zikakandikwa upya ili makombo ya chachu yasibaki kwenye nyufa, nyumba ya Ketura walipita kando. Obadia mwenyewe, yule yule wa jembe, ndiye aliyeweka katazo kwamba asiiguse mtu.

Ketura akazeeka, na katika uzee wake akaona jambo ambalo wengine hawakuliona. Watoto walikuja, wakatazama, wakaondoka. Hawakusimulia tena. Ukiwauliza habari za Yusufu walinyoosha kidole ukutani, kana kwamba ukuta ndio uliopaswa kujibu. Na ukuta wenyewe ulikuwa umepasuka, Farao amekatika kiuno, ngamia mmoja ameanguka mzima sakafuni.

Siku moja kabla ya Pasaka, akiwa dhaifu hata kapu tupu linamlemea, aliwaita watu wote na akaomba udongo mbichi. Walipoelewa anachotaka kufanya walipiga kelele, wapo waliomshika mikono, na Obadia, ambaye sasa alitembelea fimbo na macho yamefifia, alimsihi kwa jina la baba yake aziache kuta.

"Mjomba," Ketura akamwambia, "tulikuwa na kitu kimoja, tukakiheshimu mpaka kikaoza. Hiki nacho kinaoza. Niache nikifunike mimi mwenyewe, kisha wao wakitoe vichwani mwao wakati bado nipo wa kuwasahihisha."

Wakamwachia mikono. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaanza na safina. Alifunika ghala na ng'ombe, akafunika Sara na kicheko chake, akafunika bahari yote kuzunguka chumba, na waliokuwa mlangoni walilia kama wako msibani. Alipomaliza, aliwapa watoto makopo ya rangi, akatoka nje, akakaa kwenye kigoda akiegemea ukuta, akasema akisikia kosa atawaita.

Mwanzoni aliita, na mara nyingi. Baadaye akaita mara chache. Kisha watoto wakasikia kimya, wakafurahi, wakidhani hawakosei tena. Mtoto wa Tirza alipotoka kumwuliza habari ya magurudumu ya magari ya Farao, alimkuta Ketura Bega la Mlima amekata roho, na udongo unaanza kukauka mikononi mwake.

Alizikwa siku hiyo hiyo, kama sheria ilivyo, kando ya baba yake na kitabu. Kesho yake jioni Pasaka ingeingia, na sikukuu huondoa matanga, kwa hiyo asubuhi watoto walirudi kuumaliza ukuta na macho yao yamevimba. Obadia alikuja kukagua, uso karibu na udongo kwa sababu ya macho yake. Mwisho kabisa wa watu wanaovuka bahari aligusa umbo moja ambalo alikuwa halijui, mwanamke mwenye kapu kichwani. Akauliza ni nani huyo, maana katika Maandiko hayumo.

Mtoto wa Tirza akasema, "Ni Bibi Ketura. Wewe mwenyewe hutuambia kila Pasaka kwamba kila mmoja wetu alitoka Misri."

Obadia akaomba kopo la udongo mwekundu, na yeye aliyekataza picha akamchora Elkana na nyundo yake, mbele tu ya Ketura.

Tangu siku ile ndivyo tufanyavyo. Kila mwaka tunafunika, kila mwaka watoto wanachora, na kila aliyetutoka anaingia nyuma ya mstari, hata mstari ukatoka mlangoni, ukazunguka nyumba, ukaingia nyumba ya pili. Mnavyo vitabu vya picha sasa, vizuri sana, vya rangi zinazong'aa, navipenda. Lakini hamjawahi kuvifunika mkayatoa vichwani mwenu.

Mtoto yule wa Tirza ndiye mama aliyenizaa. Mwaka jana nilimchora mimi mwenyewe, na kopo la rangi mkononi, mnamjua alipo, ukuta wa mashariki karibu na dirisha. Nyuma yake kuna nafasi, yangu hiyo. Mwaka huu iacheni. Haya, inukeni, leteni udongo.