Jina la Kichwa Kipya cha Treni ya Mwalunda

Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mmeapa? Haya, mimi sijaapa, nasema.

Palikuwa na treni ndogo iliyoshusha wachimbaji kutoka mgodi wa Mwalunda. Reli yake ilikuwa nyembamba, ukitanua miguu unakanyaga pande zote mbili. Watu watatu walisifika pale. Nkwimba, muuza uji, alikuwa na koo. Shigela, dereva, alikuwa na mikono. Masalu, mtu wa breki, alikuwa na miguu. Hata wake za watu walizijua mbio zake, ila hayo tuyaache.

Kila jioni treni ikifika kona ya Nkwimba, abiria wote kimya! Ndipo alipowatangazia umbea: nani kazaa, nani kaachwa. Siku moja akaona mataruma, yale magogo yanayobeba reli, yameng'olewa penye korongo. Akapaza koo: "Simameni! Reli inaning'inia!" Wakamsikia, maana walishanyamaza kusubiri umbea.

Shigela akavuta wenzo wa kurudisha mashine nyuma. Ulikuwa wa moto kama kikaango. Ngozi ikabaki pale, mikono haikuachia.

Mabehewa ya mawe ya mgodi, yaliyofungwa nyuma, yakazidi kusukuma. Masalu akaruka behewa hadi behewa, akikaza breki, mpaka la mwisho.

Treni ikasimama, korongo liko puani. Wachimbaji wakashuka wakilia na kucheka, wakikumbatiana na vumbi lao.

Wenye mgodi wakasema kichwa kipya kitaandikwa jina la mwokozi. Jina moja tu.

"Bila koo langu mngeliwa na fisi," akasema Nkwimba.

"Koo linasimamisha treni, shangazi?" Shigela akainua bandeji zake.

"Mikono yako ilikuwa inaburutwa, kaka," Masalu akacheka. "Breki nilikaza mimi."

Stesheni masta Kapufi akajitolea kuamua, akawaalika wote uani kwake kwa pilau. Alikuwa akifoka, "Huyo mwizi wa mataruma nikimtia mkononi!" Mara moshi mweusi ukawafumba watu macho, unanuka dawa ile ile inayopakwa mataruma. Wakageuka. Kapufi kainama, anasukuma gogo chini ya sufuria, na misumari ya reli bado imo.

"Jamani, ni kuni tu," akasema, gogo liko mkononi.

Basi mwamuzi wetu ndiye huyo, kashikwa mbele ya kadamnasi. Hukumu imebaki kwenu. Koo, mikono au miguu: je, ninyi mngeandika jina la nani?