Mgaya na Kuvu wa Kisiki cha Mpakani

Ngano yaja!

— Na ije, tumekaa!

Imebeba nini?

— Itue tuione!

Haya, naitua. Lakini wewe uliyekaa pale kwenye gunia, mbona unacheka na mimi sijasema neno? Sikuamini hata kidogo. Sogea hapa karibu nikuone mikono.

Hapo zamani za kale, zamani sana, siku ambazo ndege na wadudu walikuwa wakisalimiana na watu njiani, palikuwa na mtu akiitwa Mgaya. Aliishi juu milimani, kule kwenye baridi. Mgaya alikuwa na mke, jina lake Tulalumba. Alikuwa na shamba la mikaratusi, ile miti mirefu ambayo wengine huiita milingoti. Na alikuwa na shaka. Shaka yake ilikuwa nyingi kuliko miti yake.

Akipewa chai, anainusa kwanza. Akisalimiwa, anajiuliza, "Huyu ananisalimia ana lake jambo gani?" Kuku akimtazama sana, anamfukuza.

Nyumba hakuwa nayo. Tangu siku alipoolewa, Tulalumba alikuwa akilala na mumewe jikoni kwa wifi yake, kati ya masufuria na matetea. Kila asubuhi aliamka na majivu kwenye nywele. Siku moja alichoka, akasema.

"Mume wangu, mimi si mtu wa kulalamika. Lakini miti hii ikikomaa na mimi bado nalala na kuku, nitarudi kwetu. Nakuambia mapema, usije ukasema nilitoroka."

"Miti ikikomaa nakujengea nyumba," Mgaya akasema. "Vyumba viwili. Mlango wa mbele na mlango wa nyuma."

Tulalumba akaamini. Wakati wa kiangazi alibeba maji kichwani kutoka bondeni, akaimwagilia miche mmoja mmoja. Miti ikapanda, ikanyooka, ikanukia shamba zima.

Sasa sikilizeni hapa. Ukingoni mwa shamba palikuwa na kisiki kikuukuu. Kisiki kile kilikuwa ndicho mpaka kati ya Mgaya na jirani yake, Chengula. Na Mgaya alikuwa na desturi. Kila akienda shambani, kabla hajaingia, hulipiga panga lake kwenye kisiki, pwaa! Aone kama linakata. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, wala hapakuwa na aliyeuliza kwa nini.

Ndani ya kisiki alikaa Kuvu.

Kuvu hana meno. Kuvu hana miguu. Alikuwa ameimaliza nyama yote ya kisiki, njaa inamuuma, na miti minono anaiona pale pale, haifikii. Gome zima limemshinda kulipasua. Basi akakaa kimya akisikiliza watu wakipita, amsikie mwenye udhaifu.

Siku moja Chengula alipita, akamkuta Mgaya ukingoni.

"Habari za shamba, ndugu yangu?"

"Kwani umesikia nini?" Mgaya akajibu.

"Sijasikia kitu. Nimeona tu kisiki hiki kimeota uyoga, kimeoza. Tuking'oe tukichome, kisije kikaambukiza miti. Mpaka tutauwekea jiwe."

Mgaya hakusikia uyoga, wala hakusikia kuoza. Alisikia mpaka, alisikia jiwe. Chengula alipoondoka, Mgaya akapiga panga kwenye kisiki, pwaa!

"Polepole, rafiki," ikatoka sauti laini. "Mimi ni mzee wa kisiki. Nipo hapa tangu enzi za babu yako. Umemsikia jirani yako? Leo anataka kisiki, kesho atataka miti. Nimemwona akiinyooshea kidole."

"Nilijua tu!" Mgaya akasema. "Nilijua!"

"Ingekuwa mimi, ningeitia alama. Chale tatu kila mti, ziingie ndani ya gome mpaka mti utoe machozi. Mwizi akiziona ataogopa."

Mgaya hakuuliza swali. Huyo, na panga lake lenye unyevu wa kisiki, mbio kwenye miti. Mti wa kwanza, chale tatu. Mti wa pili, chale tatu. Mti wa tatu, chale tatu. Akaendelea hivyo mpaka mti wa mwisho, uliokuwa karibu na njia. Hapo akamkuta Tulalumba ameegemea shina.

"Huu niachie," Tulalumba akasema. "Huu uliwahi kunyauka, nikaufufua kwa maji ya kichwa changu. Usiuguse na panga."

"Na ukiibiwa?"

"Ukiibiwa nitalia mimi."

Mgaya akamtazama kwa jicho la pembeni, lakini akauacha.

Mmeona kilichofanyika? Kuvu hakuwa na meno, amepata meno. Hakuwa na miguu, amepata miguu. Vyote vimo mkononi mwa Mgaya, vina mpini.

Siku zikapita. Zile chale zikaanza kutoa utomvu mwekundu, ukichuruzika kama damu ya pua. Mgaya akaingiwa na hofu. Akaenda shambani, akasikia, ko! ko! ko! Kumbe ni ndege Kigogota, anagonga gome kwa mdomo. Na kwenye majani alikuwapo Nyigu Mdogo, yule asiyeuma mtu, anaingia na kutoka, anaingia na kutoka.

Mgaya akarudi kisikini, akapiga panga, pwaa!

"Mzee wa kisiki, miti yangu inavuja damu. Nani anaitoboa?"

"Unamwona mwenye nyundo mdomoni, halafu unaniuliza mimi?" Kuvu akasema. "Na huyo mdogo anayejificha kwenye majani, anaficha nini? Wafukuze. Halafu zitazame alama zako, naona zimeanza kuziba."

Mgaya akaokota mawe. Akawasha moto wa majani mabichi, moshi ukajaa shamba. Kigogota akaruka huku na huku akiimba. Nyie mpokee, msiniachie peke yangu:

Mgaya we, Mgaya! — Ko! Ko! Ko!

Namtoa funza ndani! — Ko! Ko! Ko!

Nyigu ala vidudu! — Ko! Ko! Ko!

Mbona watupiga mawe? — Ko! Ko! Ko!

"Mwizi akikamatwa huwa anaimba!" Mgaya akafoka, akarusha jiwe jingine.

Wakaondoka. Hawakwenda mbali, walijificha kwenye ule mti wa Tulalumba, maana yeye hakuwahi kuwatupia hata neno. Mgaya akaona kazi imekwisha. Akachukua panga, akazitazama zile chale. Kweli, miti ilikuwa imeanza kuziba majeraha yake yenyewe. Akazikata upya, mti kwa mti.

Sasa wenye shamba wakawa wadudu. Funza wakachimba chini ya gome, unga wa mti ukawa unamwagika shinani. Vidudu vidogo vikataga mayai kwenye majani, majani yakaota vinundu kama upele, yakajikunja. Na Kuvu, ndani ya zile chale, alikuwa anakula kimya kimya, anashuka, anapanda. Gome likapasuka. Vilele vikakauka.

Mgaya hakulala vizuri tena, wala hakula vizuri. Masika yalikuwa yanakaribia, na nyumba aliyomwahidi mkewe ilikuwa inakufa ikiwa imesimama. Aliumia, kweli aliumia. Lakini badala ya kulia na mkewe, akaenda kwenye kisiki. Pwaa!

"Mzee wa kisiki, nimewafukuza wote. Ni nani tena aliyebaki?"

Kuvu akajifanya anasita. "Ah, rafiki. Hili sipendi kulisema."

"Sema!"

"Mti upi shambani ni mzima?"

Mgaya akafikiri. "Wa Tulalumba."

"Mmoja tu? Wake? Na huwa anaingia shambani na kanga, anatoka na furushi. Mimi sijasema kitu. Wewe ndiye mume."

Mgaya akatoka pale mbio. Akamkuta mkewe anakuja njiani, na kweli, furushi analo.

"Fungua hiyo kanga."

"Mgaya, kuna nini?"

"Nimesema fungua!"

Tulalumba akaifungua pale pale njiani, wapita njia wanatazama. Yalikuwa majani ya mkaratusi.

"Mama yako anakohoa," akasema. "Kila siku nayachemsha, namfunika blanketi, anajifukiza. Nachuma kwenye mti wangu. Miti yako ina upele."

"Na kwa nini yangu ina upele na wako hauna? Umeifanyia nini miti yangu?"

Machozi yakamlengalenga Tulalumba. Halafu akamwekea yale majani mikononi.

"Mpelekee mama. Maji yachemke sana. Mimi nilivumilia majivu, nikavumilia kuku. Hili siliwezi. Lakini kabla sijaenda nakuuliza: mti wangu una nini na yako ina nini? Kautazame kwa macho yako, usiende kuuliza mtu."

Akashika njia ya kwao. Hakugeuka.

Mgaya akabaki na majani mikononi. Alimpelekea mama yake, akamchemshia, akamfunika. Kisha akarudi shambani, na siku hiyo hakupitia kisikini. Akasimama mbele ya mti wa Tulalumba. Shina safi, jeupe. Juu yake Kigogota anagonga, ko! ko! ko!, na kwenye majani Nyigu Mdogo anaingia na kutoka. Chale hata moja hauna.

Akaenda kwenye mti wake. Akaweka kidole palipopasuka, akafuata ule ufa kutoka juu mpaka chini. Ulianzia kwenye chale. Akaenda kwenye mti mwingine. Ulianzia kwenye chale. Akaenda kwenye wa tatu. Chale zake tatu, kwa mkono wake.

"Kigogota," akaita. "Ni mimi?"

"Mkono ni wako," Kigogota akasema. "Lakini kanuse panga lako, halafu ukanuse kisiki."

Mgaya akanusa panga. Akaenda akanusa kisiki. Ilikuwa harufu moja.

"Kwa hiyo ni wewe!" akalia. "Uliniambia wewe ni mzee wa kisiki!"

Kuvu akacheka, hakuona haja ya kujificha tena. "Mbona unashangaa? Jirani ulimshuku. Ndege ulimshuku. Mke uliyelala naye jikoni ulimshuku. Mimi peke yangu hukuniuliza hata jina. Kwa nini? Kwa sababu nilikuambia uliyotaka kusikia."

Mgaya akakaa chini akalia kama mtoto. Aliposimama, alikwenda moja kwa moja kwa Chengula.

"Ndugu yangu, naomba jembe. Na kama una nafasi, naomba na mikono yako. Tukang'oe kile kisiki."

Chengula akachukua jembe, wakaenda. Wakachimba mpaka mzizi wa mwisho, wakakichoma. Kuvu akapiga kelele ndani ya moto, "Rafiki yangu Mgaya! Huyo Chengula anakudanganya!" Mgaya akaongeza kuni. Wakaikata miti yote iliyooza, wakaichoma pale pale, wasiiburute hata mti mmoja. Panga nalo likapitishwa motoni. Mahali pa kisiki wakaweka jiwe, tena Mgaya ndiye aliyelishika upande mzito.

Kisha akaenda ukweni, amevaa kanzu ya kuazima, amejiinamia.

"Umekuja kunipekua au kunichukua?" Tulalumba akauliza, hajainuka kwenye kigoda.

"Nimekuja kukuomba radhi. Miti imekwisha. Umebaki wako, nao sina haki ya kuukata."

"Usiukate. Kigogota anakaa humo."

"Basi sina nyumba ya kukuahidi."

"Kajenge kwanza," Tulalumba akasema. "Hata kikiwa chumba kimoja. Nitakuja kutazama mlango, na nitamtazama mwenye mlango."

Mgaya akarudi, kichwa chini. Njiani akakutana na Chengula.

"Nimesikia unatafuta miti ya kujengea," Chengula akasema. "Njoo ukate kwangu. Ila panga lifute kwanza."

Mgaya akafungua kinywa. Lile swali lake la siku zote lilikuwa limefika kwenye ulimi: huyu ananipa, ana lake jambo gani? Akalimeza.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema.

Kikajengwa chumba kimoja, na mlango wa mbele tu. Tulalumba akaja. Akaupapasa mlango, akamtazama mumewe, akaingia. Asubuhi yake aliamka, akapitisha mkono kwenye nywele, hakukuta majivu. Akacheka peke yake. Akachemsha chai, akampelekea Mgaya kibarazani.

Mgaya akashika kikombe. Pua yake, kwa mazoea, ikaanza kushuka. Tulalumba akamtazama tu. Ko! ko! ko!, Kigogota akagonga kule kwenye mti.

Mgaya akainua kikombe, akanywa.

Basi jamani, mafunzo ya ngano hii ni haya. Kuwa macho ni vizuri, mimi mwenyewe nawatazama nyote hapa. Lakini ukianza kuwashuku wanaokulinda, mtazame vizuri yule anayekunong'oneza, maana huenda ndiye anayekula. Na ukitoka kwenye mti mgonjwa, futa panga lako.

Ngano yangu nimeitua hapo. Atakayeibeba aende nayo kwao, asiikate chale.

— Tumeipokea, nzima!