Chati Moja, Jina Moja

Mwenye haraka na aende zake sasa, maana hadithi hii haina mwisho. Mwisho wake mtautia nyinyi.

Palikuwa na kituo cha afya kilichoitwa Mwarungu, juu kwenye milima ya Taita, mahali ambapo gari likifika watu hutoka nje kulitazama. Hapo walifanya kazi watu watatu, wote kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mchana walikula kwenye sinia moja.

Wa kwanza alikuwa Wakesho, mkunga. Kipawa chake kilikuwa masikio. Mwanamke aliyemficha mumewe jambo, akamficha na mama yake mzazi, alimwambia Wakesho huku akichambua mboga, bila kuulizwa.

Wa pili alikuwa Mwadime, karani wa kumbukumbu. Kipawa chake kilikuwa mikono. Alijifunza kompyuta peke yake, kwenye mashine iliyoachwa na mradi uliokwisha, na hakukuwa na jedwali lililomshinda kulipanga.

Wa tatu alikuwa Mghoi, wa mapokezi. Kipawa chake kilikuwa jicho. Kabla ya kuja Mwarungu alichora mabango ya maduka mjini, na alijua mtu anayepita bila kusimama huona nini na hukosa nini.

Tutamfuata Mwadime, kwa kuwa kompyuta ilikuwa mezani kwake. Msidhani kwa hilo ndiye mwenye haki zaidi. Mwadime alikuwa na hofu moja. Mkataba ukikatika angerudi machimboni, kutafuta vito kwenye vumbi lile lile lililomaliza mapafu ya kaka yake. Kaka huyo Mwadime alikwisha kumzika, lakini kikohozi chake alikuwa bado anakisikia.

Siku moja Daktari Righa, msimamizi wa kituo, alirudi kutoka makao makuu na karatasi yenye duara la rangi nyingi. Duara lilikuwa wazazi wote wa eneo zima, limekatwa kama keki, kila kituo na kipande chake. Cha Mwarungu kilikuwa chembamba kama wembe.

“Wanasema wodi ya wazazi ifungwe,” alisema. “Vitanda vipelekwe mjini. Wajawazito wetu wafuate vitanda.”

“Kwa miguu?” Wakesho aliuliza.

Righa alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Alianza Wakesho. “Hilo duara limehesabu waliozalia kitandani,” alisema. “Waliozalia kwenye matuta ya viazi, nani amewahesabu?” Akatoka. Alipanda kilima na kushuka kilima, akaingia jikoni kwa wakunga wa jadi ambao wangemfungulia mbwa karani yeyote. Wanawake walimwambia mwezi na mahali. Hapa kwenye jiwe. Pale kwa fundi cherehani, mvua ikinyesha. Aliporudi alikaa kando ya Mwadime akawa anataja, na Mwadime akawa anaandika, mwezi kwa mwezi.

Wakafika kwa waliozaliwa wakiwa wamekufa.

“Na hawa niwaweke?” Mwadime aliuliza.

“Waweke.”

“Dada, makao makuu huhesabu walio hai.”

“Makao makuu hawakuwapo. Uchungu ulikuwa ule ule.”

Mwadime akawaweka.

Kisha ikawa zamu yake. Alizichagua namba zote, za kituo na za Wakesho, akaiamuru programu ichore, na mstari ukatokea unarukaruka kama panzi. Mghoi alipita na kikombe cha chai, akainama.

“Mwadime bin Kompyuta, kwenu mwaka unaanza Agosti?”

Kweli. Mashine ilikuwa imepanga miezi kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba. Mwadime aliandika miezi upya kama tarehe, na mwaka ukakaa sawa. Akajaribu nguzo, zikajazana kama watu msibani. Akajaribu duara, akalifuta kabla halijamaliza kujichora. Akarudi kwenye mstari. Sasa mstari ulipanda taratibu tangu Januari, lakini katikati ulikatika. Kumbukumbu za kituo za Julai zililowa paa lilipovuja, zikaoza, na pale palikuwa na shimo. Alijua wakubwa wakiona shimo watasema takwimu hazijakamilika, na mkutano utaishia hapo. Akaingia kwenye mipangilio ya chati na kuiamuru iunganishe Juni na Agosti. Hakuandika namba ya uongo. Aliacha mstari upite juu ya shimo, kama ubao juu ya mtaro. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaandika: Imetengenezwa na Mwadime.

Righa akaipeleka. Akarudi uso umemshuka.

“Wamesema mstari umelala.”

“Umelala vipi, Daktari? Unapanda!”

“Unapanda kwa anayejua unapanda. Wametupa nafasi ya mwisho, juma lijalo.”

Ndipo Mghoi akavuta kiti. “Nipishe, fundi. Umetuletea chandarua.” Alifuta mistari ya nyuma. Akafuta kivuli. Akafuta kile kisanduku cha pembeni kinachoeleza rangi, maana rangi yenyewe ilikuwa moja. Mstari wa buluu akaufanya mwekundu na mnene. Kichwa kilichosema “Takwimu za Uzazi kwa Mwezi, Eneo la Kituo cha Mwarungu, Zilizounganishwa” akakiondoa, akaandika: “Mwarungu Inazidi Kuzaa.” Kisha akaweka kishale kwenye mhimili wa kusimama.

“Hii sifuri ya nini huku chini?”

“Ndiyo mwanzo.”

“Kuna mwezi hatukuzaa kabisa?”

“Hapana. Hatujashuka chini ya thelathini.”

“Basi kwa nini unalipia kodi nyumba isiyo na mtu?” Akaandika mhimili uanze thelathini. Mstari uliokuwa umelala ukainuka, ukasimama kama mlima.

“Huo ni uongo, Mghoi.”

“Namba gani nimeibadilisha?”

“Hakuna.”

“Sasa uongo uko wapi?”

“Kwenye macho.”

“Macho ndiyo kazi yangu,” alisema Mghoi, akahifadhi.

Mwadime angeweza kuirudisha sifuri. Ilikuwa kazi ya kubofya tu. Alifikiria wodi, akafikiria machimbo, akaiacha.

Mkutanoni, mkubwa wa makao makuu alitazama ukutani, akavua miwani, akaivaa tena. “Watu wanazaa hivi, nasi tunawafungia mlango?” Wodi ikabaki. Wakaahidi na vitanda vipya. Righa alisimulia hayo uwanjani, na Wakesho akapiga kigelegele hadi wagonjwa wakatoka nje. Siku hiyo sinia lilikuwa na nyama.

Lakini habari ilikuwa na mkia, na Righa aliusema walipokuwa wananawa mikono.

“Mkubwa anataka jina la aliyetengeneza chati. Jina moja. Huyo atapewa ajira ya kudumu, na ataitwa mbele ya vituo vyote aeleze alivyoitengeneza. Mikataba mingine inakwisha mwaka ukiisha.”

Kesho yake sinia lilikaa jikoni kavu. Wakesho alikula wodini, Mghoi mapokezini, na Mwadime hakula.

Jioni Righa akawaita ofisini. “Semeni wenyewe,” alisema. “Mimi nitaandika.”

“Swali lenyewe lina jibu,” Mwadime alisema. “Anamtaka aliyetengeneza. Nani alikaa kwenye mashine? Jina langu lilikuwa pale chini.” Akamgeukia Mghoi. “Ulilifuta.”

“Nilifuta kila kilichochafua.”

“Jina langu uchafu?”

“Pale, ndiyo. Na chati yako wameiona, kaka, wakasema imelala. Waliyosimama kuitazama ni yangu. Au tumwite fundi mwashi kwenye arusi kwa kuwa aliijenga nyumba?”

“Wewe uliikata miguu!”

“Na wewe Julai uliiokota wapi? Hukutuambia. Mimi niliiona, nikanyamaza.”



“Mmemaliza?” Wakesho aliuliza. “Mwadime jina lake limefutwa. Langu halikuwahi kuandikwa. Ondoeni namba zangu muone mtachora nini. Mtachora mihimili miwili na ukuta.”

“Namba zako zina maiti ndani,” Mwadime alisema.

Alijuta kabla hajafunga mdomo.

“Ndiyo,” Wakesho alisema. “Na mmoja nilimzaa mimi. Mwezi wa nne. Uliandika mwenyewe, ukaniuliza kama umweke.”

Mghoi aliinamisha kichwa. Righa alifungua kalamu, akaifunga.

“Nisikilizeni,” alisema. “Maiti, Julai, sifuri. Moja tu likifika huko, wodi inafungwa. Kwa hiyo nitakayemwandika, ni huyo atakayesimama kuulizwa. Na kwenye ukumbi ule hakutakosa mtu mwenye macho kama ya Mghoi.”

“Mimi nikiulizwa nitajibu,” Mghoi alisema. “Sitatetemeka.”

“Hilo ndilo linaloniogopesha,” Wakesho alisema. “Mimi nikiulizwa nitasema kweli.”

“Na mimi pia naliogopa hilo,” Righa alimwambia.

Mwadime hakusema angefanya nini, kwa sababu hakujua. Alijua kwamba mkono wake ulikuwa umetulia alipounganisha Juni na Agosti. Alijua pia vumbi linavyonukia.

Mlango ukagongwa. Mama mmoja alikuwa ameshushwa kwenye pikipiki, amejishika kiuno. Mkunga kituoni alikuwa mmoja. Wakesho akasimama, akakunja mikono ya nguo.

“Endeleeni kunigawa,” alisema, akatoka.

Waliobaki hawakuendelea. Mwadime alirudi mezani kwake, akafungua chati. Akarudisha sifuri, mlima ukalala. Akaandika thelathini, ukainuka. Akarudisha sifuri tena. Kutoka wodini kilisikika kilio kidogo chembamba, cha mtu asiyejua kama amezaliwa juu ya mlima au kwenye tambarare. Mghoi alikuwa amesimama nyuma yake, sijui tangu lini.

“Usihifadhi hiyo,” alisema. Hakuwa anatania. Hakuwa anaamuru pia.

Mwadime aliacha kidole juu ya kitufe.

Basi, wasikilizaji, niliwaambia hadithi haina mwisho. Bila masikio ya Wakesho hakukuwa na cha kuchora. Bila mikono ya Mwadime namba zingebaki maneno ya jikoni. Bila jicho la Mghoi mlima ungebaki umelala na wodi ingefungwa. Na kila mmoja wao aliweka ndani ya chati ile kitu kimoja ambacho hangependa kuulizwa.

Karatasi iko mezani kwa Righa. Pikipiki ya kwenda makao makuu inaondoka asubuhi. Msiniambie wote watatu. Nafasi iliyoachwa ni ya jina moja, na wawili watakaobaki wanajua njia ya kwao.

Haya, kalamu hii hapa. Wewe ungeandika la nani, na ungewaambia nini wale wawili?