Debe la Mbegu, Sufuria na Ulimi wa Mtani

Sogeeni, kaeni. Nina hadithi ya watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kitu kimoja tu cha maana hapa duniani. Mwanzo wake ninao mimi. Mwisho wake mnao nyinyi, kwa hiyo tegeni masikio, msije mkaniambia hamkusikia.

Wa kwanza ni Nyamizi, Mnyamwezi, mjane wa watoto wawili. Yeye alikuwa na debe moja la karanga. Si karanga za kula, ni mbegu. Zile ndogo nyekundu za zamani, ambazo siku hizi ukizitafuta unazunguka vijiji vitatu. Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa bado yanafika magotini. Watoto wakawa wanalitazama lile debe kama paka anavyotazama samaki. Nyamizi akalipandisha darini, akasema, "Anayekula mbegu amekula mwaka ujao." Tena alikuwa na jambo jingine dogo: alisoma kisomo cha watu wazima, akajua kuandika. Hilo liwekeni pembeni, tutalirudia.

Wa pili ni Mwantumu, mtu wa Tanga. Aliletwa bara na mume fundi wa reli. Mume akapanda treni akaenda zake, Mwantumu akabaki na sufuria. Lakini mikono alikuwa nayo! Kashata yake ukiitia mdomoni, kwanza inavunjika, halafu inayeyuka, halafu unanyamaza. Mama yake alimfundisha, na mama yake alifundishwa na bibi yake. Mapishi hayo hakuyatoa kwa mtu.

Wa tatu ni Chilewa, Mgogo, mfugaji ambaye ukame ulimmalizia ng'ombe wote. Amebaki na mbuzi mmoja na ulimi. Ulimi ule ungeweza kulichekesha jiwe. Na kwa kuwa Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zao, Nyamizi hakupata kupumua.

"We mpagazi," Chilewa humwambia, "bado shingo inakuuma? Mizigo yote mliyoibeba mpaka pwani, mkarudi na nini? Kikohozi!"

"Afadhali sisi tulifika pwani," Nyamizi humjibu. "Nyie hata mvua ikifika kwenu inauliza njia ya kutokea."

Basi, siku moja wote watatu wakakutana kwenye bomba la stesheni. Chilewa akaanza utani wake. Ndoo ya Nyamizi imejaa maji yanamwagika, yeye anatazama tu chini.

"Dada, vipi?" Mwantumu akauliza.

"Watoto wangu leo siku ya nne wanakula majani bila chumvi. Mdogo jana ameanguka uwanjani, nilidhani anacheza."

Mwantumu akaufunga mfereji. Naye mwenyewe alishaambiwa na mwenye nyumba wake kwamba mwezi ukiisha atoke. Akasema, "Treni inasimama hapa Jumanne na Alhamisi. Abiria wana njaa na wana hela. Sisi tuna njaa tu. Dada, mimi kashata najua. Sufuria ninayo. Sina karanga."

Nyamizi akaelewa linakoelekea. "Zile ni mbegu, Mwantumu."

"Najua."

"Mvua ikija?"

"Tutakuwa tumeuza, utanunua mbegu nyingine."

"Tusipouza?"

Mwantumu akainama, akamtwisha ndoo yake. Chilewa naye, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akasema bila utani, "Sukari na mkaa niachieni mimi."

Sasa sikilizeni kila mmoja alitoa nini.

Nyamizi alirudi nyumbani, akapanda juu ya kinu, akalishusha debe. Alilimwaga lote. Zile karanga zilipogonga ungo zililia kama mvua juu ya bati, na mwanawe mdogo akatoka mbio nje kutazama mawingu. Nyamizi akageuka ukutani. Alijua kwamba kile anachokimwaga si karanga, ni mwaka mzima wa watoto wake.

Chilewa alimchukua mbuzi wake wa mwisho, yule aliyekuwa akilala naye chumba kimoja asiibiwe, akampeleka mnadani. Akarudi na sukari, mkaa, na kamba tupu mkononi. "Mbuzi mwenyewe alikuwa ananinyima usingizi kwa kukoroma," akasema. Lakini ile kamba hakuitupa. Aliivaa kiunoni.

Mwantumu akawasha moto. Akakaanga, akapekecha maganda, akapepeta, akayeyusha sukari mpaka ikawa rangi ya asali. Sasa kashata ina jambo lake: ukishaimwaga kwenye sinia, lazima uikate ikiwa moto. Ukichelewa kidogo imekuwa jiwe, hasara. Mwantumu alipokuwa anamwaga, jiko likayumba, sukari ikamrukia kiganjani. Ngozi ikaondoka nayo. Nyamizi akapiga kelele, "Acha, tia mkono majini!"

"Nikiacha imekufa," Mwantumu akasema. Akakata, mstari kwa mstari, meno ameyauma, machozi yanadondoka pembeni asilowanishe sinia. Akamaliza, ndipo akatia mkono majini.

Sinia likajaa. Wanawake hawakuwa na nguvu tena, mmoja anauguza mkono, mwingine anaufunga kwa kitambaa. Chilewa akalitwika kichwani. "Nyinyi mtanikuta stesheni. Leo nitawauzia hata waliolala."

Kumbe asubuhi ile ya Jumanne, kwenye nyumba iliyo kando ya reli, kulikuwa na msiba. Bibi Nyanzala amefariki. Bibi huyu ndiye mwenye kibanda pekee ndani ya uzio wa stesheni, pale pale treni inaposimama. Wauzaji wengine wote husimama nje ya wavu na kurusha sauti. Mwanawe wa pekee, Maganga, alikuwa amekuja kutoka mbali, akamkuta mama ameshakata roho. Tangu hapo alikaa kizingitini, hali, hanywi, hasemi, na hataki jeneza litoke. Siku ya pili ile. Wazee wamembembeleza, mashehe wamembembeleza, wapi! Kaburi liko wazi, watu wanatazamana.

Chilewa akapita. Akasikia watu wanalia ila hakuna anayecheka. Akajua: msiba wa Kinyamwezi, na hakuna mtani. Na mila mnaijua. Mtani akipita msiba wa mtani wake bila kuingia kuwachekesha wafiwa, amekosa mbele ya waliokufa na walio hai. Treni ilikuwa imeshaanza kusikika upande wa mashariki. Akasimama pale, sinia kichwani, reli huku, msiba huku.

Akaingia msibani.

"Jamani Wanyamwezi!" akapaza sauti. "Bibi huyu kanificha karanga miaka yote, kila nikiomba ananiambia zimekwisha. Leo ameona ni heri afe kuliko kunigawia! Sasa mimi Mgogo, maskini wa mwisho, ndiye ninayewagawia nyinyi. Haya, kuleni, mwone aibu!" Akaanza kugawa. Kwa wazee, kwa wachimba kaburi, kwa kina mama jikoni. Akamfikia Maganga, akamvunjia kipande, akamsogezea mdomoni kama mtoto. "Na wewe tafuna. Mama yako ananiangalia, atasema nimekula peke yangu."

Maganga akacheka. Akatafuna. Halafu uso ukabadilika, akalia kilio kikubwa kilichotoka tumboni. Alipomaliza kulia akasimama mwenyewe, akashika jeneza. Wakaenda kuzika.

Na treni ikaja, ikasimama, ikaondoka.

Nyamizi na Mwantumu walikuwa kwenye wavu wanamtafuta Chilewa mpaka behewa la mwisho likapita. Walipomwona anakuja na sinia jeupe, halina hata chembe, Nyamizi alidhani ameuza.

"Ziko wapi hela?"

"Msibani," Chilewa akasema, akaeleza yote.

Nyamizi akakaa chini kwenye kokoto. "Umegawa mbegu zangu. Umegawa watoto wangu, Chilewa."

"Mtani haombi ruhusa, Nyamizi. Unajua."

"Utani ni wa mali yako! Hizi zilikuwa za watatu!" Mwantumu akafoka, mkono wake uliofungwa kitambaa ameuinua. "Huu nao ulikuwa utani?"

Chilewa akashika kamba yake kiunoni.

Siku mbili hawakusalimiana. Siku ya tatu, Alhamisi, mvua ikanyesha. Mvua nzuri, ya kupanda, ile watu waliyoililia mwaka mzima. Majirani wakatoka na majembe wanaimba. Nyamizi alisimama mlangoni na debe tupu, akalikinga maji, kwa kuwa hakujua alifanyie nini kingine. Yule mdogo akauliza, "Mama, na sisi tunapanda lini?"

Siku hiyo hiyo ndiyo ya kuondoa matanga, Maganga akawaita wote watatu. Mbele yake karatasi na kalamu.

"Mila inasema mtani aliyenifuta machozi nimpe kitu," akasema. "Lakini nimefikiri nikachanganyikiwa. Nilicheka kwa sababu ya maneno ya Chilewa. Nisingecheka nisingefungua mdomo. Nikatafuna kwa sababu ya utamu ule. Usingekuwa utamu ningetema, maana siku mbili kila kitu kilikuwa kichungu. Halafu nikalia, na nililia kwa sababu zile zilikuwa karanga ndogo nyekundu, zile mama alizokuwa ananichemshia. Nisingelia, mpaka leo ningekuwa nimekaa kizingitini. Mimi kesho narudi kazini. Kibanda cha mama nakitoa."

Nyamizi akasogea mbele. Kibanda ndani ya uzio! Mwenye kibanda kile hata mkulima anamkopesha mbegu, maana anajua atalipwa.

"Ila," Maganga akaendelea, "stesheni wanataka jina moja. Mwenye jina ndiye anayeingia getini, kibali hakiazimwi. Wengine ni nje ya wavu. Treni ya leo ikija, mkuu wa stesheni anaichukua karatasi hii. Mimi kuchagua siwezi. Andikeni wenyewe."

Wakatazamana.

"Niandikeni mimi," Mwantumu akasema. "Bila mkono huu zile zingebaki karanga tu. Nitawagawia kila siku."

"Kila mtu anasema atagawa akiwa nje," Chilewa akasema. "Akishaingia ndani, wavu ni wavu. Mimi ndiye niliyeitwa mwizi kwa siku tatu. Ningewasikiliza nyinyi, leo tungekuwa na hela za wiki moja na hakuna kibanda."

"Ulitoa kisicho chako!"

"Nilimtoa mbuzi wangu!"

Nyamizi alifikiria debe lililojaa maji ya mvua. Alifikiria kwamba yeye alitoa kikubwa kuliko wote. Halafu akakumbuka kwamba kama ungekuwa uamuzi wake, kashata zile zisingeingia msibani, na Maganga asingesimama kabisa.

Chilewa hakujua kusoma. Mwantumu alijua msahafu kwa herufi za Kiarabu, hizi nyingine hapana. Maganga akaisukuma karatasi mbele, na kalamu ikaja kwa Nyamizi.

Jina lake mwenyewe ndilo neno la kwanza alilojifunza kuandika darasani. Mkono wake ulilijua kuliko jina lolote. Na hawa wawili, angeandika chochote, wasingeweza kukisoma.

Honi ikalia mashariki. Kalamu ikagusa karatasi, ikaacha nukta moja ya wino.

Mimi nimefika hapo, siendi mbele. Wazee na watoto, kalamu hiyo naiweka mkononi mwenu. Treni inaingia. Je, wewe ungeandika jina la nani? Na hao wawili wakikuuliza, "Umeandika nani?", ungewasomea nini?