Kakakuona na Sheria ya Wageni

Niwape, nisiwape?
Tupe!
Ya juzi au ya kale?
Ya kale, iliyo tamu!

Basi sogeeni. Hapo kale, ukame uliwafukuza Kakakuona na mkewe kwao. Wakavuka mto, wakahamia nchi ya ng'ambo. Hawakuja na kitu ila magamba yao mgongoni.

Nchi ile, kesi alishinda mwenye sauti kubwa. Ngiri alishtakiwa kufukua viazi vya Kanga. Nyani akapiga kelele: "Ni yeye! Ni yeye! Ni yeye!" Ngiri akabaki kulia tu.

Kakakuona akasimama kumtetea.

"We mgeni," akacheka Nyani, "una nini cha kusema?"

"Nisikilizeni kwanza, mnicheke baadaye."

Akawapeleka shambani, akawaonyesha unyayo. Ngiri ana kwato. Unyayo ule ulikuwa na vidole vitano. Wote wakageuka, wakautazama mguu wa Nyani.

Kakakuona akawa wakili. Akatetea, akatetea, akatetea, hata wakamfanya hakimu.

"Mgeni atuhukumu?" akacheka Nyani.

"Nisikilizeni kwanza, mnicheke baadaye."

Akawahukumu wakubwa kwa wadogo sawasawa.

Nyani hakutulia. Siku moja akaja barazani. "Mheshimiwa, sheria inasema mgeni akimaliza masika matatu, aondoke. Wewe umemaliza manne."

Sheria za huko ziliwekwa kwa nyayo: wanyama wote walikanyaga udongo mbichi, ukakauka. Hii waliikanyaga siku walipovamiwa na nzige. Kwa hofu, badala ya kusema nzige waondoke, wakasema wageni.

Kakakuona aliutazama udongo ule. Alitaka kuzeekea hapa na mkewe. Na angejiachia huru, nani angembishia?

"Sheria ni sheria," akahukumu. "Mimi na mke wangu tunaondoka."

"Ehe, bwana hakimu!" akasema mkewe. "Na maharage yangu niliyoyainjika jikoni, nayo umeyahukumu?"

Wanyama wakawafuata, wakawakuta katikati ya mto. "Baba, rudi!" akalia Kanga. "Baba, rudi!" akalia Ngiri. "Rudi!" akanguruma hata Tembo.

"Nikirudi kwa machozi, kesho sheria gani itasimama?"

"Basi tunakuchagua mtunga sheria wetu," akasema Kanga. "Mgeni amekatazwa kukaa. Hakukatazwa kuchaguliwa. Tunga humo humo majini!"

"Mgeni atutungie sheria?" akacheka Nyani.

"Nisikilizeni kwanza, mnicheke baadaye. Ulowesheni udongo. Mlioikanyaga sheria ndio muifute, mimi sikuikanyaga. Kisha kanyageni mpya: anayeishi nasi kwa haki ni mwenyeji."

Wakauleta udongo ule ukingoni, wakaumwagia maji, ngoma ikalia. Tembo akakanyaga, Kanga akakanyaga, Ngiri akakanyaga kwa madaha. Nyani alinuna, akanuna, hata mabega yakaanza kutikisika yenyewe. Akaingia, akacheza kuliko wote. Kakakuona akampa mkewe mkono, wakapanda ukingoni, wakakanyaga pamoja.

Mtu huwa wa mahali kwa anavyoishi na wenzake, si kwa alikozaliwa.

Ngano yangu imechoka, inaomba kigoda. Aliyeipenda aipishe ikae. Asiyeipenda akate rufani, ila hakimu amekwenda kucheza ngoma.