Kiraka Kisicho na Tundu

Mwanamke mmoja alikuwa na makaburi matatu nyuma ya nyumba yake, na yote yalikuwa mafupi. La kwanza lilikuwa la mtoto aliyeitwa Furaha. La pili lilikuwa la mtoto aliyeitwa Baraka. La tatu lilikuwa la mtoto aliyepewa jina la babu yake, mtu aliyeishi miaka mingi, kwa matumaini kwamba umri ungerithiwa pamoja na jina. Haukurithiwa. Baada ya kaburi la tatu mumewe alikwenda kutafuta kazi mbali, na hakurudi. Hakujua kwamba alikuwa amemwacha mkewe na mimba ya nne.

Mwanamke huyo aliitwa Mwajabu, na kazi yake ilikuwa ushonaji. Cherehani yake ilikaa barazani, na karibu kila mtu kijijini alivaa kitu kilichopita mikononi mwake. Mimba ile hakumtajia mtu mpaka tumbo lilipojitangaza lenyewe. Hakununua beseni wala hakushona nepi. Alipojifungua mtoto wa kike, alifanya kama walivyofanya wanawake wa pale waliokwisha kuzika mara nyingi: asubuhi, kabla jua halijawa kali, alimfunga mtoto kwa kitambaa kikuukuu, akambeba hadi kwenye lundo la takataka mwisho wa uwanja, akamlaza juu ya majivu na maganda ya ndizi, akarudi ndani bila kugeuka nyuma. Jirani yake, Bi Asinati, ambaye Mwajabu alikuwa amepatana naye tangu siku nyingi, alipita kama mtu mwenye safari zake, akamwokota mtoto, akaja mlangoni.

"Hodi humu ndani! Nimeokota kitu jalalani," alisema kwa sauti ya kusikika mbali. "Kama mna haja nacho, kipokeeni. Kama hamna, nikirudishe nilikokitoa."

"Takataka tu hiyo, mwenzangu," Mwajabu alijibu kutoka ndani. "Iweke popote."

Basi mtoto akawekwa mkekani, na jina lake likawa Jalala.

Sababu ya desturi hiyo ilieleweka na wote, ingawa hakuna aliyependa kuitaja. Kifo, walisema, hupita kikisikiliza milangoni, na huchukua kile kinachosifiwa. Kitu ambacho mwenyewe hakitaki, kifo nacho hukipita. Lakini desturi ilikuwa na masharti yake. Mzazi asimsifu mtoto huyo, hata kwa neno moja. Asionekane akimfurahia. Asimvishe vizuri. Wala asimweleze mtoto mwenyewe maana ya jambo hili, kwa kuwa watoto hawana siri, na kifo kina masikio.

Mwajabu aliyashika masharti hayo kama mtu aliyetia sahihi. Mtoto alipoanza kutembea, majirani walipiga vigelegele, mama akasema, "Kitatembea kiende wapi." Chakula chake kilipakuliwa katika bakuli lenye ukingo uliomeguka. Nguo zake zilikuwa na viraka, kimoja begani, kimoja kifuani, kimoja mgongoni, tangu siku ya kwanza alipozivaa. Wanawake waliokuja kupima magauni walimtazama mtoto, wakatazamana wao kwa wao. Fundi wa kijiji kizima, na mwanawe anavaa vitambaa vilivyobaki!

Alipofikisha miaka saba alishikwa na homa. Alilala chumbani siku nzima akiungua, na mlio wa cherehani ukimfikia kutoka barazani bila kukoma. Mchana akamsikia mtu akimuuliza mama yake hali ya mgonjwa. Akasikia jibu pia, kwa sababu lilisemwa kwa sauti kubwa: "Kikifa na kife. Hakikuwa changu." Bi Asinati, aliyekuwa ndiye muulizaji, alichungulia sindano ya cherehani na kuona kwamba haina uzi. Mwajabu alikuwa amekanyaga tangu asubuhi bila kushona kitu. Lakini jambo hilo lilionekana barazani tu. Chumbani lilisikika neno.

Mtoto alipona. Akaenda shule, na huko jina lilimtangulia. Mwalimu alipoita mahudhurio, darasa lilinyamaza kabla ya zamu yake kufika, kama watu wanaongoja kicheko chao.

"Jalala!"

"Nipo."

"Kama yupo, mwalimu, aje huku, tuna maganda ya miwa!"

"Msimjaze leo, bado hajazolewa taka!"

Alijifunza kuitika kwa sauti ndogo. Kisha akajifunza kukohoa badala ya kuitika. Kila asubuhi, kuanzia jina la kwanza katika orodha hadi lake, aliutazama mlango. Baada ya miaka michache hakuhitaji tena orodha. Mtu yeyote aliyefungua mdomo kumuuliza, "Unaitwa nani?" alimfanya atazame mlango ulipo.

Siku moja Bi Asinati alimwonea huruma, akamwambia maneno ambayo masharti yalikataza: "Mwanangu, ulitupwa ili upone. Mama yako anakupenda kuliko macho yake." Msichana aliyapima maneno hayo kwa uangalifu wa mtu ambaye hawezi kumudu kukosea. Upande mmoja kulikuwa na kauli ya jirani, iliyotolewa mara moja, kwa kunong'ona, na mtu ambaye hakuwa mama yake. Upande wa pili kulikuwa na kauli ya mama mwenyewe, iliyotolewa kila siku, kwa sauti, mbele ya watu. Aliamua kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angeamua. Na aliamua vibaya.

Alisoma, akawa muuguzi. Alipopangiwa kazi katika wodi ya wazazi aliambiwa kwamba wauguzi wote watavaa kibandiko cha jina kifuani, na akapewa mwezi mmoja kukileta. Alifikiria wanawake walio katika uchungu wa kuzaa, ambao baadhi yao walikuwa wamezika, wakiinua macho na kusoma neno lile juu ya kifua cha mtu anayenyoosha mikono kumpokea mtoto wao. Akaenda kwa hakimu kuomba kubadilisha jina. Katika fomu, mahali pa jina jipya, aliandika Tunu.

Hakimu alikuwa mtu wa taratibu. Alisema kwamba hakatai, lakini jina la mtu ni jambo ambalo wengine hulitegemea, na hawezi kulifuta kwa neno la mwombaji peke yake. Alitaka mtu aliyemjua mwombaji tangu kuzaliwa, aape kwamba huyu ndiye yule, na aeleze kwa nini jina la kwanza lilitolewa.

Jalala alirudi nyumbani, akasimama barazani mbele ya cherehani. "Mama, Jumatatu utakuja mbele ya hakimu useme kwa nini uliniita hivi. Usipokuja, sitarudi tena hapa."

Mwajabu aliendelea kukanyaga cherehani. Siku tatu alipima hasara mbili. Akienda na kusema ukweli, angekuwa ametamka mahali pa hadhara, chini ya kiapo, neno ambalo kwa miaka ishirini na minne alilificha ili mtoto aishi. Asipokwenda, mtoto angeishi, lakini asingekuwa wake tena. Siku ya tatu alifungua sanduku, akatoa kitu, akakifunga katika kanga. Jumatatu asubuhi alikwenda.

Aliapa. Alitambua kwamba mwombaji ni mwanawe. Kisha hakimu akauliza: "Mama, kwa nini ulimpa jina hili? Hukumtaka?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na watu walikuwa wakipita nje. Mwajabu aliutazama mlango. Akafungua kinywa, akakifunga. Akautazama tena. Karani alingoja huku kalamu ikiwa hewani. Swali likarudiwa, na ukimya ukarudi vilevile, mpaka Jalala akainuka kitini.

"Mheshimiwa, jibu nimelipata," alisema. "Nililijua tangu zamani."

Ndipo mama akamshika upindo wa gauni, bila kumtazama. Kwa mkono wa pili alifungua kanga, akatoa gauni la mtoto wa miaka saba, la rangi ya samawati iliyopauka kwa kufuliwa na kuanikwa, lenye kiraka begani, kifuani na mgongoni. Alimwomba karani wembe wa kuchongea penseli. Kwa mikono iliyofanya kazi hiyo maisha yote, alifumua mshono wa kiraka cha kwanza, akakibandua, akasukuma gauni mbele ya hakimu.

Hakimu alilitazama, hakuelewa. Akaliinua kuelekea dirishani, akapitisha kidole. "Hapa sioni tundu," alisema.

Mwajabu alifumua kiraka cha pili. Hapakuwa na tundu. Alifumua cha tatu. Kitambaa kilikuwa kizima.

Hakimu alikuwa mtu aliyezoea vielelezo, na hiki alikisoma taratibu. Gauni lote lilikuwa limepauka, isipokuwa mahali patatu palipofunikwa na viraka. Hapo samawati ilikuwa bado kali, kama ilivyotoka dukani. Kwa hiyo viraka vilishonwa gauni likiwa jipya, kabla halijafuliwa hata mara moja. Kwa hiyo mtu alinunua kitambaa kizuri kwa ajili ya mtoto huyu, akakata na kushona gauni zuri, kisha akaketi na kuliharibia sura yake kwa makusudi, kiraka baada ya kiraka, kwa mishono midogo iliyonyooka ambayo hakuna mtu anayeipoteza kwenye kitu asichokijali. Hayo yote hakimu aliyasema kwa sauti ya kawaida, karani akaandika. Mwajabu hakukanusha. Alikuwa bado anautazama mlango.

Jalala alilichukua gauni, akaweka kidole gumba juu ya samawati ile kali, penye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kisha akasema:

"Mama, kifo sijui kama kilikuwa kinasikiliza. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Mwajabu aliinamisha kichwa. Kidole chake kilitiwa wino, kikabonyezwa chini ya kiapo, na ombi likakubaliwa. Walirudi pamoja kwa miguu. Njiani vumbi la gari lilimfanya binti akohoe mara mbili, na mama akasimama katikati ya barabara, uso umemkauka, mpaka kikohozi kilipopita. Jina jipya hakuweza kulitamka. Miezi mingi alimwita "wewe". Mara ya kwanza alipolisema, alikuwa barazani, amepiga magoti akitafuta sindano iliyoanguka, na alilisema akiielekea sakafu: "Tunu, niangalizie huko." Akanyamaza papo hapo, akasikiliza. Kuku waliendelea kuparura uwanjani. Hakuna aliyekuja.

Mtaniuliza kama binti huyo bado yu hai. Yu hai. Lakini sisemi hivyo kama ushahidi, na nawaombeni msilipokee neno hilo kama ushahidi. Kama angekufa mwaka uliofuata, hilo lisingethibitisha kwamba jina la kwanza lilikuwa likimlinda, kama vile kupona kwake utotoni hakukuthibitisha. Wapo wanaosema kwamba waliokufa walikuwa na majina mazuri na aliyeishi alikuwa na jina baya, kwa hiyo jina baya liliokoa. Mashahidi wanne ni wachache mno kwa hukumu kubwa kiasi hicho. Tena mwaka aliozaliwa wa nne ndio mwaka zahanati ilipofunguliwa karibu, na jambo hilo waliosimulia kisa hiki hawakulitaja. Simcheki Mwajabu. Mtu aliyezika watatu ana haki ya kuogopa, na hofu haingoji uthibitisho. Nasema tu kwamba katika shauri hili kuna jambo moja lisilojulikana na jambo moja lililothibitika. Kwamba kifo kilidanganyika, hatujui. Kwamba mtoto alidanganyika, tunajua.

Na lundo lile la takataka haliko kijijini kwa Mwajabu peke yake. Yuko baba anayemwita mwanawe mjinga ili asijivune. Yuko mume asiyemsifu mkewe ili asivimbe kichwa, na ndugu anayemtolea ndugu yake maneno makavu kwa kuwa anaogopa siku ya kumkosa. Kila mmoja ana kitambaa kizuri sandukuni, na kila mmoja anajua idadi ya mishono aliyoitia juu yake. Anangoja siku atakapoulizwa chini ya kiapo.

Basi wewe, uliyeshona kiraka mahali pasipo na tundu: unadhani yule aliyekivaa ataujuaje uzima wa kitambaa, ikiwa wembe umebaki mkononi mwako?