Matanga ya Kichaka

Hapo zamani za kale, watoto, enzi ambazo wanyama walikuwa bado wakifika matangani kupeana pole, moto ulipita nyikani. Ulikula kichaka chote alimoishi Bi Digidigi, ukabakiza majivu na visiki vyeusi.

Asubuhi yake Nyati akaja, kwata, kwata, pembe mbele. Alisema kichaka kimeshakufa, hivyo yeye na ndugu zake watang'oa visiki vyote, mahali pale paote nyasi tupu za kulisha.

Digidigi akaingiwa na hofu. Bila kichaka, wanawe wangejificha wapi chui asiwaone? Marehemu bibi yake alimwambia kwamba mizizi ya nyikani haifi kwa moto mmoja. Lakini bibi huyo alikuwa na maneno mengi, na si yote yalikuwa ya kweli.

Mnaujua uso wa digidigi: chini ya kila jicho ana alama nyeusi ya machozi, hata akicheka. Basi akaketi majivuni, akainamisha kichwa.

"Bwana Nyati, kama unavyoniona, nimefiwa. Kichaka hiki ndicho kilichonilea. Utachimba kwenye matanga ya watu?"

Nyati ana nguvu, ila anaogopa kusemwa. Akauliza matanga yataanuliwa lini, akaambiwa siku ya arobaini. Akatoa pole, akaondoka, na wenzake akawakataza kukanyaga pale.

Digidigi akaanza kuhesabu. Kila alfajiri alikwangua kisiki kwa kwato, kwaru, kwaru, aone kama ndani kuna ubichi. Siku ya kumi, kikavu. Siku ya thelathini, kikavu, na wingu likapita juu yake likaenda kunyesha kwa wengine. Usingizi ukampotea, na sasa machozi yalikuwa ya kweli.

Siku ya arobaini Nyati akafika na ukoo mzima. Akainamisha pembe kwenye kisiki cha kwanza, akasita. Chini yake palikuwa na vichipukizi vyekundu, vidogo kama ulimi wa mjusi. Na kisiki cha pili vilevile, na cha tatu.

"Umenidanganya," Nyati akasema. "Hapa hakuna maiti."

Digidigi akajibu. "Bwana, umekuja kwenye arobaini ukamkuta marehemu anapumua. Utamzika hivyohivyo?"

Ukoo mzima ukamtazama Nyati. Akarudi kinyumenyume, kwata, kwata, akisema hata yeye hakuwa na nia hiyo.

Hadithi yangu imefika kwenye majani mabichi, nami naiacha hapo: msiharakishe kumzika mwenye mizizi.